Vivuli Juu ya Jabali la Shiraba

Wamesimulia waliotutangulia, na ujuzi wa kweli uko kwa Mola peke yake, kwamba palikuwa na mji ulioitwa Shiraba, uliojengwa katika bonde jembamba. Mashariki yake lilisimama jabali jeupe, limenyooka kama ukuta. Magharibi palikuwa na kilima. Mji ulizungushiwa boma lenye lango moja tu, na lango hilo lilikuwa limefungwa tangu siku za vita.

Vita hivyo vilikuwa vya kweli. Adui alikuja, akaua watu, akachoma mashamba. Watu wa Shiraba wakamwapia utiifu shujaa mmoja aitwaye Dhirari, wakamwambia, "Wewe ndiye Amiri wetu mpaka adui aondoke." Naye aliwapigania vizuri, Mwenyezi Mungu amlipe kwa hilo. Lakini adui alipochoka akaenda zake, Amiri hakuwaambia watu. Kila alasiri, jua likiteremka nyuma ya kilima, vivuli virefu vya watu wenye mikuki vilionekana vikipita juu ya jabali jeupe. Ngoma ya hatari ililia, wanawake wakakumbatia watoto, wanaume wakakimbilia juu ya boma. Na yeyote aliyetaka kuuliza habari za kodi, au za maji ya kisima yaliyozidi kuwa machungu, aliambiwa, "Huu ndio wakati wa kuuliza hayo?" Naye alinyamaza, akaona haya.

Imamu wa mji huo alikuwa Sheikh Mundhiri bin Ghalibu, mtu mpole, mnyenyekevu, ambaye kila alfajiri aliinua mikono kumwomba Mola awakinge na adui, na maamuma wakiitikia amina kwa machozi.

Ikafika wakati manung'uniko juu ya maji yakawa mengi, maana chemchemi tamu ilikuwa nje, nyuma ya kilima. Amiri akaona neno lake halitoshi tena. Alitaka ushahidi wa mtu ambaye watu hawajapata kumsikia akisema uongo. Akamchukua Sheikh Mundhiri kwa njia ya siri iliyotokea nje ya boma, wakapanda kilimani alasiri moja.

Huko juu Sheikh aliwakuta watumishi wachache tu. Walibeba mbao kubwa zilizochongwa kwa umbo la watu wenye mikuki, wakitembea nazo taratibu huku jua likiwa mgongoni mwao. Mmoja alikuwa akila tende. Ng'ambo ya kilima uwanda ulikuwa mtupu, na paa walikuwa wakinywa maji chemchemini bila hofu.

"Adui yuko wapi, ewe Amiri?" akauliza Sheikh.

"Aliondoka zamani."

"Na hawa?"

"Hawa ndio amani ya Shiraba. Kabla ya vita, koo zetu zilichinjana kwa ajili ya malisho. Leo wanalinda boma bega kwa bega. Nimewadanganya, Sheikh, lakini nimewapatanisha. Ijumaa panda mimbari, useme umemwona adui kwa macho yako."

"Na nikisema nilichokiona?"

Amiri akamtazama kama anayemhurumia. "Sema. Mimi sikuzuii. Siri hii hailindwi na mimi. Inalindwa na makaburi yao."

Sheikh hakulielewa neno hilo mpaka Ijumaa ilipofika. Alipanda mimbari, akamhimidi Mola, akamswalia Mtume, kisha akaeleza yote: mbao, watumishi, uwanda mtupu, chemchemi.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama katika safu za nyuma. Aliitwa Umaima, nao watu walimwita Ummu Nuaimu kwa jina la mwanawe wa pekee. Kijana huyo alianguka kutoka juu ya boma siku moja ngoma ilipolia na watu wakasukumana, akafa papo hapo.

"Sheikh," akasema, na sauti yake haikupanda, "wewe ndiye uliyemteremsha mwanangu kaburini. Ukaniambia nisilie sana, kwani amekufa shahidi. Kama hakuna adui, Nuaimu wangu alikufa kwa ajili ya nini?"

Machozi yakamtiririka Sheikh ndevuni. Mwishowe akasema, "Sijui la kukwambia, mama. Ila siwezi kukufichia kweli."

Ummu Nuaimu akajifunika uso, akapiga ukelele. Na ukelele ule ukauwasha msikiti. Kila aliyekuwa na kaburi alisimama. "Msaliti! Amenunuliwa!" Wakamshusha mimbarini, wakamburura hadi langoni, wakalifungua kiasi cha kupita mtu mmoja, wakamsukuma nje. Amiri hakuhitaji kutoa amri yoyote.

Sheikh Mundhiri akakipanda kilima kile peke yake, mchana kweupe, kilemba kikiwa kimemponyoka. Watu walijaa juu ya boma wakingoja mshale umpate. Haukuja mshale. Akafika kileleni salama, akawageukia, akainua mkono.

Mtu mmoja akasema, "Mmeona? Hawakumgusa. Basi ni mwenzao." Na wale waliokuwa wameanza kumwamini, imani ikawatoka hapo hapo.

Akakaa chemchemini, akajijengea kibanda cha matawi. Mwanzoni alishuka kila siku karibu na boma, akaadhini, akawaita watu kwa majina yao. Wakamjibu kwa mawe. Baadaye hawakumjibu kwa lolote. Hakuwalaani. Alizoa matope chemchemini ili maji yasizibike, akawaombea.

Miaka ikapita. Amiri akafa. Watumishi wakazeeka, wakaziacha mbao zioze, na vivuli vikakoma kupita jabalini. Lakini lango halikufunguliwa. Watu waliambiana, "Adui akinyamaza ndipo wa kuogopwa zaidi." Hawakuhitaji tena mtu wa kuwadanganya.

Asubuhi moja Sheikh akamwona ajuza akiteremka kilima kwa mkongojo. Walinzi walikuwa wamemwacha atoke, wakidhani amerukwa na akili. Sheikh akamkimbilia na kata ya maji. Alikuwa Ummu Nuaimu. Akanywa.

"Maji haya yalikuwa hapa miaka yote?"

"Miaka yote, mama."

"Nilikuamini siku ile ile, Sheikh. Nilipokuona unafika kileleni na hakuna aliyekupiga, nilijua. Wenzangu wakapiga kelele, nami nikapiga nao. Wakalitumia jina la mwanangu, nami nikawaachia."

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa nimeshamzika mara moja. Sikuweza kumzika mara ya pili."

Sheikh akainamisha kichwa, akalia. "Nami nilikosa," akasema. "Nilikwambia mbele ya watu wote jambo ambalo nilipaswa kuja kukwambia nyumbani kwako, nikae nawe, nilie nawe. Nisamehe."

Wakasameheana. Kisha ajuza yule akajaza kiriba, akarudi mjini, akaketi penye lango akimnywesha kila apitaye. Wachache walionja, wakatoka na watoto wao. Wengi walisema maji yametiwa sumu, wakarudi kwenye kisima chao kichungu, wakazeekea juu ya boma wakilitazama jabali lisilo na kitu.

Enyi ndugu, mtawala anayewalisha watu uongo ataujibia mbele ya Mola wake, na hisabu yake ni nzito. Lakini tuwahurumie pia waliodanganywa, kwani kila mmoja wao alikuwa ametoa kitu alichokipenda kwa ajili ya uongo ule, na hakuna maumivu kama kuambiwa ulikitoa bure. Mwenyezi Mungu atujaalie kuipokea kweli mapema, kabla hatujawazika watoto wetu kwa ajili ya uongo.