Mbegu za Tofaa Ndani ya Friji

Wapendwa, katika kijiji kimoja cha milimani aliishi mzee aliyeitwa Tweve. Mkewe alifariki wakati wa masika, na matanga yalipoanuliwa kila mtu akarudi kwake. Watoto walikuwa mbali, walipiga simu. Majirani walimpenda sana. Walipopita mbele ya nyumba yake waliteremsha sauti, wakaambiana, “Tumwache apumzike.” Wakamwacha kweli.

Mnajua nyumba ya mtu mmoja ilivyo? Kikombe ulichokiacha mezani asubuhi, jioni unakikuta palepale. Hakuna aliyekisogeza.

Siku moja upepo ukauangusha mtofaa ambao mkewe alikuwa ameupanda nyuma ya jiko. Mzee akaokota matofaa ya mwisho, haya ambayo wengi wetu tunayaita maepo, akatoa mbegu. Nyingine akazipanda kwenye kopo, akaliweka karibu na mafiga zipate joto. Akamwagilia, akangoja. Hakikuchomoza kitu. Basi akamfuata bwana shamba ofisini kwake.

“Umezibembeleza mno, mzee,” bwana shamba akamwambia. “Mbegu ya tofaa haiamki mpaka ipitie baridi. Chukua zilizobaki, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke ndani ya friji miezi miwili mitatu. Si kwenye barafu, ni kule chini panapowekwa mboga. Lakini usizitelekeze. Kila wiki fungua uzitazame. Kitambaa kikikauka, nyunyizia maji. Ukiona ukungu, zioshe.”

Friji ilikuwepo, ile ambayo mkewe aliuzia soda. Sasa ilikuwa tupu, inanguruma tu. Mzee akaziweka mbegu humo katika kibakuli cha plastiki, na tangu hapo akawa na wa kuwaangalia. Jumamosi akishafua nguo zake alifungua friji, akafunua kitambaa, akainama. “Hamjambo humo?” aliuliza kwa sauti ndogo, kisha akaona haya, ingawa hakukuwa na wa kumsikia.

Ikaja Jumamosi akakuta vijimizizi vyeupe vimechungulia. Akatoka barazani na kibakuli mkononi, apate wa kumwonyesha. Watu walikuwa wakipita njiani. Kila mmoja alimwamkia kwa adabu, akaendelea na safari yake.

Alasiri akaja mama mmoja, mzee wa kanisa, kuazima sufuria kubwa ya shughuli. Mzee Tweve akampa sufuria, na kabla hajaaga akamwonyesha mbegu, akamweleza habari yote ya baridi. Yule mama akafurahi kwa dhati.

“Unaona, baba?” akasema. “Ndivyo Mungu anavyokufanyia na wewe. Amekuweka baridini akuandae. Vumilia tu.”

Mzee akafunika mbegu zake polepole.

“Hizi, mama, nilikuwa nazifungulia kila wiki,” akasema. “Kwangu hajafungua mtu tangu matanga.”

Yule mama akaiweka sufuria chini, akavuta kigoda, akaketi. Mzee hakujua aanzie wapi. Akaanza na jinsi mkewe alivyougua, na alipofika kwenye habari za hospitali machozi yakamtoka, naye yule mama akangoja mpaka yakaisha.

Sasa sisi tulioketi hapa. Najua mlikuwa mnasubiri niwaambie kwamba baridi ina faida. Inayo, sikatai. Lakini nani kati yetu ametumwa kuihubiri faida hiyo akiwa nje, kwa mtu aliyemo ndani? Bwana shamba hakusema weka uondoke. Alisema fungua. Mbegu iliyosahaulika ndani ya friji haiandaliwi, ndugu zangu, inaoza. Na sisi tumekuwa hodari wa kusahau watu kwa maneno mazuri: tunamwombea, tusimsumbue, Mungu yuko naye. Mungu yuko naye, ndiyo. Wewe uko wapi?

Kuna mtu aliyezoea kukaa kwenye benchi lako, na leo hayupo. Umekwisha kumkumbuka jina, naona nyuso zenu. Basi leo sitawaweka sana. Nendeni mkapige hodi kwake, mikono mitupu haidhuru. Na mkikaribishwa, kaeni.