Kakakuona Aliyeshuka Njiani

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Sogeeni wote, na nyinyi wakubwa mliojibanza huko nyuma mkijifanya hamsikilizi. Huyo mdogo mpakateni, asikae peke yake mlangoni. Mmempakata? Vizuri. Nitasema haraka, maana hadithi yenyewe ina haraka, na aliyemo ndani yake ana haraka kuliko mimi.

Kale, kale ya wazee wa wazee, palikuwa na Kakakuona mmoja, jina lake Sikudhani. Alikuwa mama mpya. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Kombo. Alikuwa bado laini, magamba yake mepesi kama kucha za kitoto kichanga. Kombo alipanda juu ya mkia wa mama yake, akaukumbatia, akalala hapo. Ndivyo Kakakuona wanavyobeba watoto. Sisi tunabeba mgongoni, wao wanabeba mkiani.

Lakini mkia uko nyuma na macho yako mbele. Basi Sikudhani hakutulia. Hatua tatu, anageuka. Anapumua? Anapumua. Hatua tatu nyingine, anageuka. Anapumua? Anapumua. Anakula mchwa wawili, anageuka.

Mama mkwe wake akamcheka. "We mwanamke, shingo itakukaa upande hiyo."

Sikudhani akacheka naye. Halafu akageuka tena.

Siku moja maziwa yakamkauka. Asubuhi Kombo alinyonya, hola. Jioni akanyonya, hola. Siku ya kwanza Kombo alilia. Siku ya pili hakulia tena, na hapo ndipo mama yake alipoogopa kabisa. Mtoto anayelia ana nguvu. Anayenyamaza je?

Ng'ambo ya nyika aliishi dada yake, Mwatumu. Mwatumu naye alikuwa amejifungua, na maziwa yake yalikuwa ya kumwaga.

"Tungoje kesho kutwa," mama mkwe akasema. "Twende wote, watu waone umeolewa kwa watu."

"Mama, kesho kutwa ni mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali kwa Kombo, mama."

Mama mkwe akamtazama mjukuu wake. Akamwita Farasi.

Huyo Farasi alikuwa mrefu, mzuri, mbio zake hazina mfano. Lakini mwoga! Jani likianguka, anaruka. Kivuli chake kikimfuata, anakikimbia. Anauliza, "Nani huyo nyuma yangu?" Anaambiwa, "Mkia wako huo, baba." Anasema, "Ahaa." Baada ya muda kidogo anauliza tena.

Sasa sikilizeni desturi ya Kakakuona. Kwao mzazi hapandi farasi mwenyewe. Akijipandisha, majirani wataulizana, huyu hana mawifi? Basi kwanza mtoto hupewa wifi mkubwa amshike. Kisha wifi mdogo anasukuma kwa chini na mama mkwe anavuta kwa juu. Mama akishakaa sawasawa, ndipo mtoto anarudishiwa. Na wimbo unaimbwa. Nikianza, nyinyi itikieni.

*Mtoto nipe mie,*
*panda mama panda!*
*Mikono iko mingi,*
*panda mama panda!*

Hivyo ndivyo Sikudhani alivyopandishwa asubuhi ile, na hivyo ndivyo alivyopandishwa siku zote. Hajawahi hata mara moja kutia mguu peke yake kwenye kitanzi cha kukanyagia.

"Njiani usishuke," mama mkwe akamwambia. "Ukishuka, nani atakupandisha?"

"Sishuki, mama."

Wakaondoka. Kwatu kwatu kwatu. Kwatu kwatu kwatu. Nyumba zikawa ndogo, zikapotea. Jua likapanda. Sikudhani akageuka amwone mtoto. Hamuoni. Mkia umening'inia nyuma ya tandiko, na tandiko limeinuka, limemziba.

"Farasi, unamwona mtoto wangu?"

"Mimi naona mbele na naona pembeni, mama, na kote huko naona mambo ya kutisha tu. Nyuma sitaki kujua."

"Mwangalie kidogo!"

"Nikiangalia nyuma nitakimbia."

Basi akawa anamsikiliza kwa mkia. Vidole vya Kombo vimeshika, hivyo, anavihisi. Kwatu kwatu, vimeshika. Kwatu kwatu, vimeshika. Kwatu kwatu... vimelegea.

Vimelegea! Hakuwaza, hakungoja, hakukumbuka alivyoagizwa. Alijiachia. Tifu! Yuko chini. Akamvuta Kombo kifuani, akamwekea sikio puani.

Mtoto alikuwa amelala. Amelala tu.

Sikudhani akacheka peke yake katikati ya nyika. Akambusu. Akamweka mkiani. Akageuka apande, akatazama juu. Juu. Juu kabisa kule lilikokuwa tandiko. Kicheko kikakatika.

Akasema, nitaweza. Akatia mguu kwenye kitanzi, akavuta. Tandiko likazunguka, suu, likaenda tumboni, naye akaenda nalo. Pu! Farasi akaruka pembeni. "Nini hicho tumboni? Nini hicho?"

"Tandiko, baba, tandiko lako! Simama!"

Akalirudisha juu, akakaza mkanda mpaka kucha zikamuuma. Akaona kichuguu. Akapanda kichuguu, akamvuta Farasi kwa hatamu. "Sogea. Sogea hapa. Simama! Nakwambia simama, simama, huoni nina mtoto?" Akivuta, Farasi anarudi nyuma. Akipiga kelele, Farasi anacheza. Kila alivyosema simama, ndivyo Farasi alivyozidi kutosimama.

Mara akasikia sauti nyuma yake, sauti laini, ya adabu.

"Hodi, shemeji."

Alikuwa Fisi.

Viringi! Sikudhani akajikunja, akabingirika mpaka chini ya kichuguu. Kakakuona akiogopa hujikunja akawa mpira, magamba nje, mtoto ndani, na hata simba hana meno ya kuufungua mpira huo. Hatamu ikamtoka. Farasi akarudi nyuma, prrr, prrr. Angekimbia, lakini kukimbia peke yake aliogopa zaidi.

"Ah, shemeji," Fisi akasema. "Ndio kupokea wageni huko? Mimi nilikuwa napita. Nikaona mama wa watu anahangaika, roho ikaniuma. Nikasema, hata kama wananisema vibaya, sitapita."

"Pita tu, shemeji," sauti ikatoka ndani ya mpira. "Tunashukuru. Pita."

"Nikuache hivi? Nitawaambia nini wakwe zako?" Fisi akajikuna sikio. "Kwenu si mnampandisha mzazi? Mimi najua. Nimewaona mara nyingi kutoka kichakani. Mna utu sana. Kwanza mtoto, kisha mama, au nimekosea?"

Na Fisi akaimba. Itikieni tena, lakini polepole, kwa sauti ya Fisi.

*Mtoto nipe mie,*
*panda mama panda!*
*Mikono iko mingi,*
*panda mama panda!*

Jamani. Wimbo wa nyumbani una kazi yake. Ule mwili ulikuwa umeshazoea. Ukisikia wimbo ule unajua kinachofuata, hauulizi. Mpira ukalegea. Kichwa kikatoka, mikono ikatoka. Sikudhani akamwondoa Kombo kifuani, akamsogeza mbele, kama anavyomsogezea wifi mkubwa kila siku. Kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Kwanza mtoto.

Fisi akainama ampokee. Mate yakamtoka. To! Tone moja likaanguka kwenye paji la Kombo.

Na Kombo, ambaye hakulia tangu juzi, akalia. Nyeee!

Viringi!

Mpira ukajifunga. Meno ya Fisi yakauma upepo, kacha!

"Shemeji," Fisi akasema, na safari hii sauti haikuwa laini, "umenivunjia heshima. Lakini si kitu. Nitakaa hapa kivulini. Wewe jikunje. Mimi nilikula jana, naweza kungoja mpaka kesho. Mtoto wako alikula lini?"

Hii hii hiiiii, akacheka. Akalala chini, kidevu juu ya miguu.

Ndani ya mpira palikuwa na joto. Moyo wa Sikudhani ukawa unapiga, du du du du, hajui ni wake au ni wa mtoto. Akawaza. Nikijikunja, Fisi hamli. Njaa inamla. Nikijikunjua, Fisi anamla. Nikikimbia kwa miguu yangu hii mifupi, Fisi anatukuta hata jasho halijamtoka. Nani aje? Wifi mkubwa hayupo. Wifi mdogo hayupo. Mama alisema nisishuke. Nimeshuka. Nimeshashuka, basi.

Akatoa jicho moja. Akaona kichuguu. Akaona Farasi. Na hatua kumi hivi kutoka kichuguuni akaona korongo dogo, njia ya maji ya mvua, limekauka. Akapima kwa lile jicho moja. Farasi akisimama mle ndani, mgongo wake utakuwa sawa na ukingo. Sawa kabisa. Hutapanda, utavuka tu, kama unavuka kizingiti.

Lakini Farasi mwenyewe ni yule wa kukimbia kivuli chake.

"Farasi," akaita. Hakupiga kelele safari hii. "Baba. Unaogopa?"

"Naogopa."

"Na mimi naogopa."

Farasi akasimamisha masikio. "Wewe? Mimi nilidhani umekasirika. Ulikuwa unanipigia kelele."

"Ndiyo kuogopa kwangu huko. Nisamehe. Baba, shuka korongoni."

"Mle mna giza."

"Mna kivuli. Tia mguu mmoja tu. Wa pili sikuombi."

Farasi akatia mguu mmoja. Akanusa. Prrr.

"Umefanya vizuri. Sasa na huu mwingine, uusindikize mwenzake."

Akatia wa pili.

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hii hii! Anamfundisha farasi kutembea! Mfundishe na kuhesabu, shemeji, tuna siku nzima!"

"Wa tatu, baba."

Wa tatu. Wa nne. Farasi akawa ndani ya korongo, anatetemeka ngozi yote, lakini yumo, na mgongo wake ukawa sawa na ukingo.

"Sasa usiende popote. Tetemeka hapo hapo."

"Natetemeka hapa hapa, mama."

Ndani ya mpira Sikudhani akamsogeza Kombo mpaka shina la mkia. "Shika," akamnong'oneza. "Shika kwa nguvu zako zote, mwanangu. Mama hatageuka. Ukinisikia nakimbia, shika. Ukisikia meno, shika. Mama hatageuka kukutazama."

Mikono ilikuwa inatetemeka. Aliitazama ikitetemeka. Akangoja kidogo itulie, haikutulia. Akaenda nayo hivyo hivyo.

Akajikunjua. Tapa tapa tapa tapa! Fisi bado mdomo wazi kwa kicheko. Tapa tapa tapa! Fisi akaruka. Hatua sita, saba, pumzi ya Fisi iko mgongoni. Kila kitu ndani ya Sikudhani kinamwambia, geuka, mtazame, yupo? Hatua nane. Kinamwambia, jikunje. Hatua tisa. Hakugeuka. Hakujikunja. Kacha! Meno yakagonga gamba, gamba likakwaruza meno, Fisi akapiga yowe. Hatua ya kumi, ukingo, akajitupa.

Akaangukia tumbo juu ya tandiko. Farasi akatetemeka hapo hapo, kama alivyoahidi. Sikudhani akajizungusha, mguu huku, mguu kule, akashika kilichoshikika.

"Nenda!"

Lo! Huko kwenda! Farasi alitoka korongoni kama amefukuzwa na vivuli vyote alivyowahi kuviona. Kwatukwatukwatukwatu! Na hapo ndipo Sikudhani alipogundua amekaa kinyumenyume. Uso wake unatazama matako ya Farasi, mkia wake umelala juu ya shingo ya Farasi. Akamwona Fisi akikimbia nyuma. Akamwona akichechemea. Akamwona akikaa chini, mdogo kama sungura, mdogo kama panya, mdogo kama mchwa, basi.

Lakini mtoto? Mtoto yuko nyuma yake tena, na akigeuka ataanguka.

"Farasi! Kombo yupo?"

"Yupo! Ameng'ang'ania nywele zangu, ananiumiza! Ananipumulia shingoni, mama! Anapumua!"

"Endelea kuniambia!"

"Anapumua! Anapumua! Anapumua!"

Na hivyo ndivyo walivyovuka nyika ile, mmoja ameng'ang'ania, mmoja anatazama walikotoka, na Farasi anatangaza anapumua mpaka ndege wote wakajua.

Mwatumu alikuwa nje anapepeta. Aliposikia kishindo akainua macho, ungo ukamwanguka. "Makubwa haya! Mdogo wangu, nani amekupandisha kinyumenyume hivyo?"

"Nimepanda mwenyewe, dada. Mtoto. Mchukue mtoto, ana njaa."

Mwatumu hakuuliza tena. Alimchukua Kombo akamweka kifuani. Kombo akatafuta, akakosa, akatafuta, akapata. Nyu nyu nyu. Akapumzika. Nyu nyu nyu nyu.

Sikudhani akashuka, akakaa chini mavumbini, na kutetemeka kule alikokuwa anakubeba tangu korongoni kukamwishia hapo, kidogo kidogo, akiisikiliza tu ile sauti ya kunyonya.

Basi, watoto, na nyinyi wenzangu, fundisho lake ni hili. Hofu usiingoje itoke ndipo ufanye jambo. Utafanya nayo, mikono ikitetemeka, na jambo litafanyika. Na mtoto wako usimpe mtu kwa sababu tu anaujua wimbo wa kwenu. Nanyi mnaopenda kuwapandisha wenzenu, Mungu awazidishie, lakini siku moja moja simameni pembeni, mwacheni apande mwenyewe mkimwona, maana ipo siku atashuka mahali msipokuwepo.

Hadithi yangu ndiyo hiyo, nimeitua hapo ilipochoka. Anayeitaka aibebe.