Weusi wa Midomo ya Bi Juwairia

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni walikuwako wanawake wawili wacha Mungu waliokuwa wakiosha maiti za wanawake wenzao, na hawakutaka ujira ila kwa Mola wao. Wa kwanza ni Bi Rumaisa, mwingi wa saumu na wa machozi. Wa pili ni wifi yake, Bi Atika, mwepesi wa kucheka hata palipo na shida. Wingu likitanda, Rumaisa husema, "Isije ikawa adhabu." Atika huanua nguo zake na kusema, "Rehema hiyo inakuja, alhamdulillahi." Na wingu ni lile lile moja!

Msidhani Rumaisa alikuwa mtu mbaya. La hasha! Alimwogopa Mola wake khofu ya kweli, na aibu za nafsi yake ndizo alizozitazama kwanza. Ila khofu ile ilikuwa imemkaa machoni, na kila alichokitazama alikitazama kupitia humo.

Siku moja akafariki Bi Juwairia, mjane asiye na maneno mengi, aliyeishi na binti yake Lubna. Wawili wale wakaitwa. Wakatayarisha maji ya majani ya mkunazi, wakamsitiri marehemu, wakaanza kwa bismillahi. Ndipo Rumaisa akaona vidole vya marehemu ni vyeusi, na midomo yake nayo nyeusi. Akasugua, akarudia kusugua. Weusi haukutoka.

"Wifi," akanong'ona, "huyu ana jambo na Mola wake."

"Masizi hayo," akasema Atika. "Mwana wa watu kapika maisha yake yote."

"Na midomoni?"

"Si kapuliza moto? Mimina maji, wifi."

Na wote wawili waliijua amana ya mwoshaji: unachokiona kwa maiti, unakizika pamoja naye.

Alhamisi iliyofuata, katika darsa la wanawake, moyo ukamshinda Rumaisa. Alitaka kuwaonya wenzake tu. "Nimemwosha mtu," akasema huku akilia, "midomo imegeuka nyeusi. Tumwogopeni Mungu, ndugu zangu." Hakutaja jina. Ole wake! Wiki ile mji wote ulikuwa umezika mwanamke mmoja tu.

Tangu siku ile msibani hapakukanyagwa tena. Waliokuwa wakipeleka chakula wakapita njia nyingine. Lubna akakaa peke yake juu ya mikeka iliyotandikwa kwa ajili ya watu, hata alipochoka akaenda kwa Rumaisa.

"Mama, niambie kweli. Mama yangu ulimwonaje?"

Rumaisa hakuweza kusema uongo, wala hakuwa na ukweli mwingine. "Muombee sana, mwanangu," akasema. Binti akafahamu. Akarudi nyumbani, akakunja mikeka.

Baada ya siku arubaini, mzee mmoja akasimama mlangoni pa darsa, anapapasa ukuta kwa fimbo. Alikuwa Mzee Dihya, mpika wino wa chuo cha Kurani cha watoto.

"Nisameheni kuwakatiza," akasema. "Wino wa chuo umekwisha, natafuta wa kunipikia mwingine, nami siwezi tena kuficha. Macho yangu yameniacha huu mwaka wa pili. Aliyekuwa akinipikia ni marehemu Juwairia. Alichanganya masizi na utomvu kwa vidole vyake, akauonja kwa ulimi kila chungu, maana wino wa kuandikia maneno ya Mungu hakutaka uwe mwepesi. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata binti yake, nisije nikaondolewa kazi. Nilikwenda kutoa pole siku ya tano. Nikasikia kimya, nikadhani nimekosea nyumba."

Subhanallah! Mkono aliousugua Rumaisa kama wenye laana, kumbe ulikuwa umeshika wino wa Kurani. Akasimama palepale mbele ya wanawake wote. "Mtu niliyewaambia ni Juwairia," akasema. "Mimi nimevunja amana, na nimemsingizia mja wa Mungu asiyeweza kujitetea."

Atika naye alikuwa akilia. "Hata mimi," akasema. "Nilisema masizi ili moyo wangu utulie. Wala sikumuuliza binti yake hata neno moja."

Wakaenda wote hadi kwa Lubna. Rumaisa akapiga magoti kizingitini, akamweleza yote bila kujipunguzia, akamwomba msamaha.

"Siku arubaini," akasema Lubna, "nimeogopa hata kumwota mama yangu. Nikisali, nikifika kwenye jina lake, ulimi unakuwa mzito. Nimekusamehe, Mama Rumaisa, kwa ajili ya Mungu. Lakini nikifa mimi, usinioshe wewe."

Rumaisa akasema, "Nimesikia, mwanangu," akaondoka akilia.

Ndugu zangu, mwenye khofu aliona adhabu, mwenye moyo mwepesi akaona masizi ya jikoni, na kila mmoja aliondoka ameridhika na alichokiona. Juwairia mwenyewe hakuna aliyemwona. Mola atughufirie tuliyowadhania waja wake, wazima na wafu, na ampe Lubna subira.