Lifti ya Posa

Bwana Machano, mwenyekiti wa jengo, alikaa ghorofa ya chini, kwa hiyo lifti ilipoharibika hakuona sababu ya kugusa akiba ya matengenezo.

"Ile ni ya dharura," alimwambia Bi Sikudhani wa ghorofa ya saba. "Ngazi zipo."

"Sawa, mwenyekiti. Nasikia Jumamosi binti yako analetewa posa. Wageni wote wale wataenea kwako? Walete kwangu, sebule ni kubwa, na pilau juu yangu."

Machano, ambaye kitu cha bure hakimpiti, akakubali papo hapo. Ijumaa mkewe akamkumbusha kwamba bibi wa huyo mchumba, naye yumo kati ya wageni, anatembelea mkongojo. Jioni fundi akalipwa kutoka kwenye akiba, na lifti ikapanda.

Jumamosi Sikudhani akateremka nayo, kabeba sufuria.

"Samahani, mwenyekiti, nimepaka sebule rangi na haijakauka. Wapokelee hapa hapa kwako. Pilau hili, bado la moto. Kwa ngazi lingepoa."