Hodi ya Kwanza ya Bi Mwanakombo

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana katikati haruhusiwi. Hadithi hii imewanyamazisha wabishi wa Ngamiani nzima, na wa Ngamiani mnawajua: wana jibu hata la swali ambalo halijaulizwa.

Pale Tanga walikuwapo majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mgeni alikuwa na jicho la dukani. Muuzaji akimwona tu anavuka barabara, bei inaanza kushuka yenyewe. Chausiku alikuwa mshonaji, na kipaji chake kilikuwa vidoleni: mpe upindo wa nguo akiwa amefumba macho, atakwambia nguo hiyo imekwenda harusini au imeishia jikoni. Kibwana alikuwa fundi umeme, naye kipaji chake kilikuwa masikio. Waya ukiungua ndani ya ukuta, yeye anausikia kama mama anavyosikia mtoto akijigeuza.

Katikati ya nyumba zao aliishi Bi Mwanakombo, naye alikuwa ndani ya eda.

Mumewe, Mzee Shekue, alifariki harusi ya mjukuu wao Saumu ikiwa imekaribia. Aliacha neno moja: harusi isisogezwe kwa ajili yake. Basi haikusogezwa. Harusi ilikuwa Mtwara, anakofanya kazi baba yake Saumu, na wana wote wa Bi wakafunga safari. Yeye akabaki chumbani, kwa sababu mjane hatoki mpaka eda iishe. Na Saumu huyo alimlea mwenyewe, tangu hajaota jino.

"Bibi, tutakupigia simu ya picha," Saumu alimwambia kwa simu.

"Kwenye simu nawaona kama punje za mchele, mwanangu. Nitajuaje punje ipi ni wewe?"

Simu ilipokatwa, Bi akawageukia Mgeni na Chausiku waliokuwa wamekaa naye mkekani. "Atakayenionyesha mtoto huyu siku yake, nikamwona alivyo, kwake ndiko nitakakopiga hodi ya kwanza siku nitakayotoka eda."

Hodi ya kwanza ya mtu aliyetoka eda si jambo dogo. Mgeni na Chausiku hawakumaliza hata chai. Na Kibwana, aliyekuwa nje akirekebisha taa ya kibarazani, naye alisikia. Si nilishawaambia kuhusu masikio yake.

Mgeni akaenda kununua projekta, kwa mchango wa wana wa Bi. Muuzaji akamtolea moja kubwa inayong'aa kama meno ya dhahabu. "Subiri nizime taa, dada, uone maajabu."

"Usizime. Harusi ni alasiri. Fungua na mlango."

Mlango ulipofunguliwa, picha ikapauka. Ya pili ikafa kabisa. Ya tatu ilikuwa na mwanga, lakini picha ilikataa kuenea mpaka mashine irudishwe nyuma sana.

"Ukumbi wetu mfupi," Mgeni akasema. "Au niiweke kwa jirani?"

Akachagua kidude kimoja kifupi, cheusi, ambacho kikikaa karibu kinatupa picha ndefu, na juani hakififii.

"Hiyo haina sura," muuzaji akamwonya.

"Sikuja kuiposa."

Kazi ya Chausiku ilikuwa skrini, nayo ilikuwa na fundo lake. Skrini za dukani hutundikwa ukutani, mashine ikiwa chumba hicho hicho. Mashine ilihitaji fundi wa kuichunga, na fundi ni Kibwana, mwanamume asiye maharimu wa Bi. Chumbani haingii.

"Basi skrini tutaivalisha mlango," Chausiku akasema. "Kibwana akae ukumbini na mashine yake, Bi akae chumbani, picha ipenye kitambaa ije upande wake."

Akajaribu shuka jepesi. Jicho la taa likapenya lote, na kivuli cha aliyesimama nyuma pia. Akajaribu zito, likaimeza picha. Akajaribu bafta, na bafta ikafaa kuliko zote: nyeupe, mwanga unaingia mkali na kutoka mpole. Chausiku aliishika, akaitazama, kisha akaikunja akairudisha kabatini. Bafta ya mwisho aliyoiona Bi ilikuwa sanda ya mumewe.

Akapita maduka ya vitambaa mpaka akapata tetroni ya rangi ya maziwa. Akaipinda juu na chini, akapitisha fimbo za pazia, ikakaza mlangoni kama ngozi ya ngoma.

Zamu ya Kibwana. Akatundika mashine kwenye boriti la ukumbini, na picha yenyewe, upande wa kutazamiwa, hakupata kuiona. Alifanya kazi kwa sauti ya Bi tu.

"Shikamoo, Bi. Imekaaje?"

"Marahaba. Imeinamia upande, kama mlevi anayetafuta funguo."

Akainyoosha. "Sasa?"

"Nzuri."

Lakini ile "nzuri" ilikuwa na kitu ndani yake. "Bi, kuna unachokikosa?"

"Miguu," Bi akasema taratibu. "Watu wameishia magotini."

Akaishusha mpaka ikagusa kizingiti. Kisha akaweka video ya karamu, kwa kujaribu.

"Kibwana, mwanangu, watu hawa mmewaokota wapi? Wote wanakula pilau kwa mkono wa kushoto."

"Labda ndio desturi ya Mtwara," Chausiku akasema, akicheka.

Kibwana hakucheka. Alielewa kwamba Bi anaitazama picha kutoka nyuma, kulia kumekuwa kushoto. Akaigeuza.

"Sasa je?"

"Sasa wamepata adabu."

Alasiri ya harusi ikafika. Kule Mtwara mtu akashika simu wima, na Saumu akasimama mbele yake. Huku Tanga, mlango wa Bi ukajaa bibi harusi, kimo chake kile kile, viatu juu ya kizingiti.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu. Pita," Bi akajibu, kwa sababu alikuwa amesahau.

"Siwezi kupita, bibi."

"Basi simama hapo hapo nikuone."

Bi akainuka, akaweka kiganja shavuni mwa mtoto. Ukumbini, Kibwana akaona kitambaa kikibonyea. Akageuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka simu ikakatwa.

Hatimaye eda ikaisha. Asubuhi ile Bi Mwanakombo akaoga, akavaa, akatoka mpaka barazani. Milango mitatu ilikuwa wazi ikimsubiri.

"Shangazi," Mgeni akasema, "bila mashine yangu ungetazama pazia." Mgeni, mtoto wa kaka yake Bi, alikuwa amehamia nyumba yake mwenyewe baada ya talaka, na hakuna mtu mzima wa ukoo aliyekuwa amekanyaga humo.

"Na bila pazia langu," Chausiku akasema, "badala ya harusi ungeuona uso wa Kibwana." Kwake alilala mama yake, shoga wa Bi tangu usichana, asiyeweza tena kuinuka kitandani.

Kibwana alisema kwa sauti ya chini: "Bila mimi, Bi, watu wa harusi wangekuwa wanakula kwa kushoto mpaka leo." Kwake kulikuwa na kichanga. Bi alikisikia kikilia nyuma ya ukuta tangu kilipozaliwa, na sura yake hakuijua.

Bi akawatazama mmoja mmoja, wote wamekaa kama watoto wanaosubiri kugawiwa. Akavaa ndara, akashuka ngazi ya baraza, akasimama. Hodi ya kwanza ni moja, haikatwi vipande.

Haya, msinitazame mimi. Angekuwa bibi yako, na amekushika mkono akakuuliza, "Mwanangu, tuanzie wapi?", wewe ungemwongoza mlango upi?