Mpaka Uliopita Jikoni kwa Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipiga kura, palikuwa na mji mdogo wenye kata tatu. Kaeni vizuri, watoto, maana hadithi hii kila nikiisimulia hasira hunipanda.

Katikati ya mji palikuwa na mtaa wa Bondeni. Humo waliishi wadogo tisini: pimbi, panya, nguchiro. Wakubwa, viboko na nyati, walikuwa mia na themanini, wakakaa pembeni kwenye majani mengi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko, na mipaka ya kata aliichora yeye. Akashika kalamu, chwa! chwa! Bondeni ikakatwa vipande vitatu. Kila kata ikapata wadogo thelathini na wakubwa sitini.

Sasa mkipiga kura hapo, nani atashinda? Ehee! Madiwani watatu, wote wana vitambi.

Kisima cha Bondeni kikabomoka. Mwaka wa kwanza madiwani wakasema watakitengeneza. Mwaka wa pili wakasema tena. Mwaka wa tatu watoto wa Mama Pimbi wakanywa maji ya dimbwi, wakaharisha siku nne. Jamani! Kisima kimoja tu!

Mama Pimbi akaenda barazani. "Mheshimiwa, mpaka wako umepita kati ya nyumba yangu na jiko langu! Nalala kata ya Mtoni, napika kata ya Mlimani. Diwani wangu ni nani?"

"Wote ni wako," akajibu Kiboko. "Una bahati, mama!" Akacheka, kwo kwo kwo!

Alicheka, watoto! Mbele ya mama mwenye wagonjwa!

Basi jirani wa Mama Pimbi, Bi Nguchiro, akapiga goti. "Shikamoo, Mzee. Mpaka wako mzuri kweli. Ila haujamwagiwa majivu."

Desturi ya mji ilikuwa hiyo: mwenye kuweka mpaka huutembea mwenyewe, mchana, watu wakiona, akimwaga majivu mwanzo hadi mwisho bila kukatiza.

"Nitamtuma karani," akasema Kiboko.

Nguchiro akawageukia watu. "Tumhurumie mzee wetu. Mwili mzito, safari ndefu. Hawezi."

"Nani hawezi?" Kiboko akavimba. "Leteni majivu! Na nikikwama popote, mpaka utauchora wewe!"

"Mmesikia?" Nguchiro akawauliza watu.

"Tumesikia!"

Haya, safari. Kwenye barabara pana Kiboko alitembea kwa maringo, ti! ti! ti! Kufika Bondeni, mstari ukaanza kupinda, mara huku, mara kule, kama utumbo wa mbuzi. Si yeye aliyeupinda? Aufuate!

Akafika kwa Mama Pimbi. Kati ya nyumba na jiko palikuwa na kichochoro chembamba. Akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Kwaa! Mbele haendi, nyuma harudi. Jua likamchoma, ngozi ikaanza kukauka.

"Maji!" akalia. "Nimwagieni maji!"

"Maji gani, baba?" akauliza Mama Pimbi. "Sisi hatuna kisima."

"Basi bomoeni jiko!"

"Aa, Mheshimiwa," akasema Nguchiro, "jiko liko kata nyingine. Tumsubiri diwani wa huko, miaka mitatu si mingi."

"Nakufa! Chora wewe! Chora upendavyo!"

Nguchiro akanyakua kopo la majivu. Fyuu! Akaizunguka Bondeni yote kwa mstari mmoja, hakumwacha mtu nje. Ndipo Mama Pimbi akabomoa ukuta wa jiko lake kwa mikono yake mwenyewe, na Kiboko akatoka akikimbilia mtoni. Hata asante hakusema.

Uchaguzi uliofuata Bondeni wakampata diwani wao, Mama Pimbi, na kabla ya kujenga upya jiko lake akajenga kisima.

Nanyi mkikua mkapewa kalamu, kumbukeni: usimchoree mwenzako njia ambayo wewe mwenyewe huwezi kupita.