Kidole Kisichokatika

Kidole kisichokatika hakipigiwi makofi. Msemo huo mmeusikia leo kwa mwalimu wenu wa useremala, mkadhani anawabeza, mkaja kuniuliza umetoka wapi. Mmefanya vizuri kuja kwangu, maana mtu mwingine angewaambia ni maneno ya wahenga, na wahenga wamekwisha kubebeshwa mizigo mingi isiyo yao. Huu ulitoka katika uwanja wa gwaride wa jeshi, mchana kweupe, na mimi niliyekuwa mtunza bohari nilikuwepo. Basi kaeni niwaeleze ulivyozaliwa.

Kikosi chetu, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na karakana mbili zilizotazamana. Moja ilikuwa ya magari, chini ya Sajenti Yoramu Mahimbo. Ya pili ilikuwa ya mbao, chini ya Sajenti Dismas Nandonde. Mahimbo alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Zamani, alipokuwa koplo, alimwona mwenzake akilaliwa na lori kifuani baada ya jeki kuteleza, na tangu siku hiyo hakuiamini jeki yoyote hapa duniani. "Jeki ni mgeni," alikuwa akiwaambia askari wake, "huondoka bila kuaga." Kwake mtu haingii chini ya lori mpaka magogo manne ya mninga yamepangwa, na yeye mwenyewe amepita akiyapiga teke moja moja.

Tena alikuwa na desturi yake nyingine. Kila asubuhi kabla spana ya kwanza haijashikwa, na kila jioni rimu ya lori iliyotundikwa langoni ilipogongwa kuashiria mwisho wa kazi, askari wake kumi na mmoja walisimama mstari mmoja, wakainua mikono na kutanua vidole. Mahimbo alipita mbele yao akihesabu, akajumlisha na vyake, kisha akatamka: "Mia moja na ishirini." Ndipo watu wakaenda zao. Alianza hivyo baada ya kijana mmoja kuficha kidole kilichopondeka kwa kuogopa adhabu, kikavimba na kutunga usaha, nusura kikatwe. Sasa hakuna aliyeweza kuficha kitu. Askari wengine waliwacheka, wakawaita chekechea. Wenyewe walikuwa wamezoea hata ikawa rimu ikilia mikono inapanda yenyewe, bila amri.

Miaka sita ikapita, na hesabu haikupungua hata siku moja.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Kikosi kilikuwa na Tuzo ya Usalama Kazini. Kila mwaka, Siku ya Kikosi, ngao ya shaba ilitolewa kwa karakana iliyofanya vizuri kuliko nyingine katika kulinda watu wake. Wazo lilikuwa jema, sina neno nalo. Lakini aliyetunga fomu ya kuombea tuzo hiyo aliandika juu kabisa: "Eleza ajali iliyotokea na namna ilivyokabiliwa." Kamati ilisoma maelezo hayo, ikampa ngao aliyeikabili ajali kwa uhodari zaidi. Mahimbo kila mwaka aliandika neno moja, "Hakuna," na kila mwaka karani, Koplo Zamda, alimrudishia fomu akimweleza kwa adabu kwamba kamati haiwezi kutathmini fomu tupu. Kinga ni bora kuliko tiba, tunaimba hivyo kutwa kucha, lakini anayepelekewa kuku ni mganga.

Mahimbo hakujali sana ngao. Alikuja kuijali mwaka ule alipoletwa mkuu mpya wa kikosi, Luteni Kanali Hyera. Mkuu huyo aliamua karakana mbili ziunganishwe, jengo moja ligeuzwe ghala, na sajenti mmoja asimamie watu wote. Akitaka kutenda haki, akatangaza kwamba atakayeshinda Tuzo ya Usalama ndiye atakayesimamia, kwa kuwa huyo ndiye amethibitisha kuwajali watu wake. Atakayeshindwa angehamishiwa bohari, aje kuhesabu blanketi pamoja nami.

Blanketi hazikumtisha Mahimbo. Alitishwa na alichokiona kila siku ng'ambo ya uwanja. Nandonde hakuwa mtu mbaya, na mtu asije akawaambia hivyo. Alikuwa wa kwanza kutia bega kwenye mzigo na wa mwisho kunawa mikono kula. Lakini aliamini kwamba askari analindwa na ujasiri wake, na kwamba kinga na magogo ni mambo ya watu waoga. Mahimbo alijua kwamba siku vijana wake kumi na mmoja watakapokabidhiwa kwa mtu huyo, magogo ya mninga yatapelekwa jikoni kuwa kuni. Wazo hilo lilimuuma, akawa hana raha.

Mwezi wa nane likatokea la kutokea. Msumeno wa mashine katika karakana ya mbao ulivuta mkono wa Praiveti Mkude. Nandonde aliruka juu ya meza, akauzima msumeno kwa kupiga swichi ngumi, akafunga mkono ule kwa mkanda wake mwenyewe, akambeba kijana mgongoni hadi zahanati, mbio, bila kupumzika. Mkude alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Daktari alisema wazi kwamba kama si Nandonde angepoteza damu yote na uhai wake. Fomu ya Nandonde mwaka ule ilijaa kurasa mbili, na aliyeisoma alitokwa na machozi.

Fomu ya Mahimbo ikarudishwa kama kawaida. Safari hii Koplo Zamda aliileta mwenyewe mpaka karakana, akafunga mlango. Alimwonea huruma. Akamshauri aandike chochote, hata kwamba jeki iliteleza kidogo, gogo likazuia, mtu akavutwa miguu akaokoka. Koplo Shija, fundi mkuu wa Mahimbo, akadakia kwamba yuko tayari kuwa huyo aliyevutwa miguu, na mashahidi hawatakosekana.

Mahimbo aliishika kalamu muda mrefu. Nisiwadanganye, alitamani. Uongo ule ulikuwa mdogo, na ungewalinda watu wale wale aliowalinda kwa ukweli miaka sita. Aliandika "Tarehe kumi na nne" akasita. Akamtazama Shija, mtu mwenye watoto watatu, amesimama pale mzima akitabasamu, akaona anataka kumlaza chini ya lori kwa mkono wake mwenyewe.

"Ajali haitaniwi," alisema. Akakata alichoandika, akaandika chini yake, "Hakuna."

Siku ya Kikosi ikafika. Tulipangwa uwanjani tangu saa sita, jua likituchoma visogo, kila karakana katika mstari wake. Nandonde akaitwa mbele. Mkude naye akaitwa, mkono umefungwa bendeji nyeupe, akasimama karibu ya meza ili watu wamwone aliyeokolewa. Luteni Kanali Hyera alisoma kurasa zile mbili kwa sauti, tukapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mahimbo alipiga pia, na alipiga kwa moyo, maana mtu alikuwa ameokolewa kweli. Lakini alipomaliza kupiga makofi alijua kwamba vijana wake wamekwisha kuondoka mikononi mwake.

Hotuba zikarefuka, kama zinavyorefuka. Tulikuwa mguu pande, na mkuu alikuwa bado anaeleza habari za kuunganisha karakana, saa kumi kasoro robo ilipotimia na mlinzi wa lango akaigonga rimu.

Mikono ishirini na miwili ikapanda juu, vidole vimetanuka.

Hawakuagizwa na mtu, na hawakukusudia. Baadhi yao waligundua wamefanya nini walipokwisha kufanya, wakaganda hivyo hivyo, hawajui washushe au waache. Kuinua mkono gwarideni bila amri ni kosa, na kosa la mstari mzima mbele ya mkuu wa kikosi lilikuwa na jina baya zaidi, uasi. Kwenye mistari mingine watu waliangua kicheko.

Hyera alingoja kicheko kikatike, kisha akamwita Mahimbo mbele.

"Sajenti, hawa watu wako wanamsalimia nani?"

"Wanahesabiwa vidole, afande. Ni saa ya kufunga kazi."

"Wanahesabiwa vidole kwa nini?"

"Ili nijue wote wanarudi nyumbani kama walivyokuja. Vyao na vyangu ni mia moja na ishirini. Ni mwaka wa sita sasa, havijapungua."

Hyera akamgeukia Koplo Zamda, akataka kuona fomu ya karakana ya magari. Zamda akaitoa kwenye jalada. Mkuu akasoma tarehe iliyokatwa na neno moja lililo chini yake, akalisoma tena.

"Miaka sita," alisema. "Na mimi nimeuliza kikosi hiki chote habari za usalama, sikuambiwa. Kwa nini?"

Mahimbo alikuwa amesimama mguu sawa, macho mbele. Hakuwa mtu wa maneno, na nadhani kama angepewa muda wa kufikiri asingelisema alilolisema.

"Afande," alijibu, "kidole kisichokatika hakipigiwi makofi."

Hakuna aliyecheka. Mkude aliutazama mkono wake. Nandonde, aliyekuwa ameikumbatia ngao ya shaba kifuani, alimtazama Mkude, kisha akaitazama karakana yake ng'ambo ya uwanja. Akapiga hatua moja mbele, akaomba ruhusa ya kusema.

"Afande, kwenye kurasa zile nimeandika nilivyomtoa. Sikuandika kwamba msumeno ule una kinga yake ya kuzuia mkono."

"Iko wapi?"

"Chini ya meza. Niliitoa mwenyewe mwezi wa tatu. Ilikuwa inachelewesha kazi."

Akaiweka ngao mezani, taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa wenyewe. Alikuwa jasiri siku ya msumeno, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mimi niliyekuwepo siku zote mbili nawaambia, siku hii ya pili ilihitaji ujasiri mkubwa zaidi.

Hyera alitoa uamuzi pale pale, kwa maneno machache. Nandonde angepata cheti cha ushujaa, kwa kuwa ushujaa ulikuwa wa kweli. Ngao ingebaki ofisini mpaka fomu iandikwe upya, ianze kwa kuuliza nini kimefanywa ili ajali isitokee. Karakana zikiunganishwa zingesimamiwa na Mahimbo. Nandonde akauliza kama anaweza kubaki chini yake badala ya kwenda bohari, na akakubaliwa. Kisha gwaride likavunjwa. Na muone dunia ilivyo: hata siku ile, baada ya yote yale, hakuna aliyempigia Mahimbo makofi. Tulitawanyika kimya, kila mtu akitazama mikono yake.

Jumatatu asubuhi watu wote kumi na tisa walisimama mstari mmoja kwa mara ya kwanza, wa magari na wa mbao. Kinga ilikuwa imerudishwa kwenye msumeno, nayo ilichelewesha kazi kama ilivyosemwa. Mikono ikapanda. Mahimbo alipita akihesabu kwa utaratibu wake mpaka akamfikia Mkude, aliyekuwa ameinua mkono wa kushoto tu na kuuficha ule wa bendeji nyuma ya mgongo.

"Hata huo," Mahimbo alimwambia kwa upole. "Vilivyopo tunavihesabu."

Mkude akauinua. Mahimbo alihesabu vitatu, akamuuliza kama unamuuma. Kijana akasema hapana, haumuumi sana. Kisha akasema, "Afande, mimi nilipigiwa makofi. Makofi yale yote ningeyarudisha leo hii."

Mahimbo alimalizia mstari, akajumlisha vyake, akatamka hesabu: "Mia moja tisini na nane." Wangeweza kutamka mia mbili kwa kumstahi Mkude, wapo waliopendekeza hivyo, lakini Mkude mwenyewe alikataa. Basi ikawa mia moja tisini na nane asubuhi na mia moja tisini na nane jioni, mpaka Mahimbo alipostaafu, na haikushuka tena. Na ikitokea askari mgeni akauliza hivyo viwili viko wapi, Mkude ndiye aliyejibu.

Kwa hiyo mwalimu wenu akipita jioni akaitazama mikono yenu, kisha akaenda zake bila kusema kitu, msinune. Amekwisha kuwahesabu, na hesabu imetimia. Kidole kisichokatika hakipigiwi makofi.